Acheni Kuunda Aina Mpya ya Kifaa Kila Jumatatu!

Nimekuwa kimya kidogo, kazi zilinizonga, lakini kuna jambo limenikwama kooni kwa wiki tatu sasa na nikiendelea kulimeza litanikaba. Leo nataka tugombane kuhusu kitu ambacho wengi wenu mtaniambia ni kidogo mno kugombania: aina za vifaa ndani ya programu za kusimamia vifaa vya IT. Kama wewe ni msimamizi wa mfumo mahali fulani na ukisoma uone kama nimekusema wewe, basi huenda nimekusema wewe :-)

Kwa wale ambao hawajakutana na programu hizi, nieleze upesi. Kampuni, shule au hospitali ikishafikisha kompyuta mia mbili, daftari la stoo na faili ya Excel havitoshi tena. Unataka kujua nani ana laptopu ipi (najua, kipakatalishi, mwalimu wangu wa Kiswahili anisamehe), ilinunuliwa lini, dhamana yake inaisha lini, na ikiibwa nambari yake ya kiwandani ni ipi. Kwa hivyo mnasimika programu. Ziko za bure kama GLPI na Snipe-IT, na ziko za pesa ndefu kama ServiceNow. GLPI inakuja na orodha yake tayari: kompyuta, skrini, printa, simu, vifaa vya mtandao na kadhalika. Snipe-IT haikupi orodha hiyo, inakupa magunia matano makubwa tu: vifaa vyenyewe, vikorokoro vya ziada, vitu vya kutumika vikaisha, vipuri vya ndani, na leseni. Halafu zote zinakufungulia mlango wa kutunga aina zako mwenyewe, pamoja na visanduku vyako vya kujaza.

Mlango huo ndio ugomvi wetu.

Juzi shirika moja la hapa Nairobi (silitaji, wenyewe wanajijua) lilinipa kazi ya kuhamisha data kutoka mfumo wao wa zamani hadi mpya. Nikafungua orodha ya aina. Jamani! Nilihesabu aina 63, na vifaa vyenyewe havifiki elfu moja. Kulikuwa na "Laptopu HP", "Laptopu Dell", "Laptopu ya Mhasibu", "Laptopu Mpya", "Laptopu Mpya 2" na "Laptopu ya Wageni". Kulikuwa na "Printa" na pia "Mashine ya Kuchapisha", kama ndugu wawili waliokosana na hawatembeleani. Na chini kabisa, "Nyinginezo": UPS, projekta, kebo za HDMI, ruta tatu, mashine ya alama za vidole ya mlangoni, laptopu kumi na moja, na birika la umeme. Sitanii kuhusu birika.

Nikauliza swali la mtoto wa darasa la tatu: mna laptopu ngapi? Hakuna aliyejua. Mmoja akasema karibu mia nne, mwingine akasema zinazidi mia tano, wa tatu akasema angoje nitoe ripoti. Ripoti nitoe kutoka wapi, bwana? Kutoka aina ipi kati ya hizo sita, na je, zile kumi na moja zilizolala na birika?

Unaweza kucheka, mimi pia nilicheka kidogo. Lakini fikiria laptopu moja kati ya hizo kumi na moja imeibwa kwenye matatu leo jioni. Ndani yake kuna majina, nambari za vitambulisho na nambari za simu za watu waliohudumiwa na shirika hilo. Sheria yetu ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema kwamba data ya watu ikifikiwa na mtu asiyeruhusiwa, na kukawa na hatari ya kweli ya watu hao kudhurika, anayeisimamia data hiyo amjulishe Kamishna wa Data ndani ya saa 72 tangu alipojua. Saa 72! Swali la kwanza litakalokuja ni je, diski ilikuwa imefungwa kwa ufunguo wa siri au iko wazi kwa yeyote? Katika aina ya "Laptopu ya Mhasibu" kulikuwa na kisanduku cha swali hilo. Katika "Laptopu HP" hakikuwepo. Katika "Nyinginezo" kulikuwa na visanduku viwili tu, "Jina" na "Maelezo", na kwenye "Maelezo" mtu ameandika "nzuri".

Basi hapo ndipo ninapoanzia hoja yangu. Watu wengi wanadhani aina ya kifaa ni jina la kifaa. Wanaona kitu kimeingia ofisini kina jina jipya, wanakimbia kwenye mipangilio, bofya, aina mpya. Mimi nasema aina ni orodha ya maswali. Ukiunda aina unaiambia programu: kila kitu kitakachoingia hapa, kiulizwe haya. Kwa hivyo vitu viwili vinavyoulizwa maswali yaleyale ni aina moja, hata kama kimoja kina nembo ya HP na kingine cha Dell, hata kama kimoja kinakaliwa na mhasibu na kingine na dereva.

Hebu tujaribu. Laptopu unaiuliza nini? Nani anaitumia, imefungwa kwa ufunguo au la, ina programu zipi, dhamana inaisha lini, mwenye nayo akiacha kazi irudi kwa nani. UPS unaiuliza nini? Ina uwezo wa VA ngapi, inalinda seva gani au swichi gani, betri ilibadilishwa lini mara ya mwisho, inashikilia dakika ngapi stima ikipotea. Hakuna mtu anayepewa UPS aende nayo nyumbani. Hakuna programu ndani yake ya kulipia leseni. Maswali ni tofauti kabisa, kwa hivyo UPS inastahili aina yake, na kuitupa "Nyinginezo" ni kuikataza isijibu. Sasa HP na Dell: taja swali moja tu ambalo unaiuliza HP na huiulizi Dell. Nakungoja... Halipo. HP ni jibu la swali "nani aliitengeneza", na programu zote nilizozitaja tayari zina kisanduku cha mtengenezaji. Mhasibu ni jibu la swali "nani anaitumia". "Mpya" ni jibu la swali "ilinunuliwa lini", na tena ni jibu linalooza, maana ile "Laptopu Mpya" ya shirika lile ilinunuliwa 2017!

Na isifikiriwe kwamba haya ni mambo ya usafi tu, kama kupanga viatu. Ndani ya programu kuna gharama, na kwa kuwa mimi ni mtu wa kuandika kodi niruhusuni tushuke chini kidogo.

Chukua Snipe-IT. Pale visanduku vyako havifungwi kwenye kategoria moja kwa moja. Unatunga visanduku, unavikusanya katika seti, kisha seti unaifunga kwenye modeli ya kifaa. Modeli ndiyo iliyo ndani ya kategoria. Watu wengi hawasomi maelezo, wanaunda kategoria mpya wakitegemea visanduku vitatokea vyenyewe, havitokei, wanakasirika, wanaunda nyingine. Kumbe ungeweza kuwa na kategoria moja ya laptopu, modeli thelathini ndani yake, na seti moja ya maswali inayotumiwa na zote thelathini. Ukiongeza swali kwenye seti, limeongezeka kwa zote. Na jambo la pili: kila kisanduku unachokitunga, Snipe-IT inaongeza safu wima nzima kwenye jedwali la vifaa katika hifadhidata. Jedwali ni moja kwa vifaa vyote! Ukitunga "Rangi ya begi la laptopu", basi hata ile ruta ya juu ya dari inabeba safu ya rangi ya begi, tupu, milele. (MySQL yenyewe ina kikomo: jedwali la InnoDB halivuki safu 1,017. Sijaona aliyefika huko, lakini niliowaona wameanza safari.)

GLPI ilikuwa na hadithi yake. Kwa miaka mingi haikuwa na mlango huu ndani yake, ulilazimika kutumia kiongezi kilichoitwa Generic Object. Kile kilikuwa kikichukua aina yako mpya na kuitungia jedwali lake lenyewe kwenye hifadhidata, pamoja na faili zake za PHP kwenye diski. Aina 63, majedwali 63. Siku ya kupandisha toleo unasali kwanza. Toleo la 11, lililotoka 2025, hatimaye limeleta aina za kujitungia ndani ya programu yenyewe, na uhandisi wake naupenda: vifaa vya aina zote ulizotunga vinakaa kwenye jedwali moja, na majibu ya visanduku vyako yanahifadhiwa kama JSON. Zaidi ya hapo, kila aina unaiwashia uwezo unaoutaka tu. Je, kitu hiki kina milango ya mtandao? Washa. Kina programu ndani? Washa. Kina mikataba? Washa. Jenereta haitaki kichupo cha programu zilizosimikwa, usiiwashie. Tazameni, waandishi wa GLPI wamekufanya ujibu maswali kabla ya kupata aina. Wamenielewa, ingawa hatujawahi kuonana :-)

ServiceNow nayo inakwenda kwa urithi: kompyuta inarithi visanduku vya maunzi, seva inarithi vya kompyuta, na seva inaongeza vyake vichache. Wazo zuri sana. Ila nimeona mtu akiutumia urithi huo kuunda "Seva ya Ghorofa ya Pili" kama mtoto wa "Seva". Ghorofa ya pili ni mahali, ndugu yangu. Seva ikihamishiwa ghorofa ya tatu itabidi izaliwe upya?

Sasa, wapo watakaoniambia: basi tusitunge aina yoyote, tutumie zilizokuja na programu, waliotengeneza wanajua zaidi. Hawa ndio kundi la pili ninalotaka kugombana nalo, na kwao nina hasira zaidi, kwa sababu wanaita uvivu wao nidhamu.

GLPI ilizaliwa Ufaransa mwaka 2003. Ni programu nzuri, naitumia, naipendekeza. Lakini angalia inajua nini kwa kuzaliwa. Inajua kasha la wino wa printa, na imelipa sehemu yake maalum kwenye menyu. Inajua kabati la seva na hata mahali pa kila seva ndani ya kabati. UPS haina nafasi yake, inaangukia kwenye vifaa vya pembeni pamoja na kipanya na kibodi. Jenereta haipo. Inveta haipo. Betri za sola juu ya paa la kliniki hazipo. Mtu aliyeketi mahali ambapo stima haipotei hakuwa na sababu ya kuvifikiria, na simlaumu. Lakini wewe uliyeketi Kitui, Lodwar au Rongai, seva yako inategemea vitu hivyo kuliko inavyotegemea wino! Betri ya UPS ya kawaida, ile ya risasi na asidi, huchoka baada ya miaka mitatu hadi mitano, na joto likizidi huchoka mapema zaidi. Usipokuwa na mahali pa kuandika tarehe iliyowekwa, utaijua siku stima itakapopotea na seva ikazimika kabla hujainuka kwenye kiti.

Kuna vitu vingine vya kwetu pia. Mashine ya risiti ya KRA pale dukani: imesajiliwa kwa nambari gani, iko tawi gani, fundi aliyeidhinishwa ni nani. Simu ya kulipokelea pesa za M-Pesa kwenye till: huiulizi ina RAM ngapi, unauliza laini imesajiliwa kwa jina la nani, na nani analala nayo usiku. Hilo la mwisho si mzaha. Wangapi wamebaki na till ambayo laini yake imesajiliwa kwa jina la mfanyakazi aliyeondoka? Swali hilo halipo kwenye aina ya "Simu" iliyotoka kiwandani, na pasipo swali hakuna atakayejibu.

(Hapo nitoe tahadhari upande wa pili: kabla ya kutunga aina ya "Laini ya simu" kwenye GLPI, fungua menyu ya usimamizi kwanza. Laini zipo tayari, pamoja na mwendeshaji wake, na kadi ya SIM unaweza kuiambatisha kwenye kifaa. Nimekuta watu wametunga upya kitu ambacho walikuwa nacho kwa miaka.)

Na kama unadhani suala la jina na maswali ni la mafundi peke yao, kumbuka mradi wa vifaa vya shule za msingi. Mwaka 2013 tuliahidiwa laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. Vilipofika shuleni 2016 vilikuwa vishikwambi, na nchi nzima ikaendelea kusema "laptopu za Jubilee". Zaidi ya vifaa milioni moja viligawiwa katika shule za umma: vya wanafunzi, vya walimu, projekta, na ruta yenye hifadhi ya masomo. Sasa jifanye wewe ndiye unayetunga aina za mfumo wa shule moja tu kati ya hizo. Kifaa cha mwanafunzi hakipewi mtu, kinakaa stoo, kinatolewa asubuhi na kurudishwa. Unakiuliza: vilihesabiwa lini mara ya mwisho, vingapi vinawaka, ufunguo wa stoo anao nani. Kifaa cha mwalimu kinapewa mtu kwa saini. Mwalimu akihamishwa kinabaki au kinakwenda naye? Mbele ya mwenye kuviuza hivi ni bidhaa za katalogi moja. Mbele ya mwalimu mkuu anayelala akiwaza stoo itavunjwa usiku, hizi ni aina mbili. Kanuni yangu inakata pande zote: HP na Dell zinaungana, lakini vitu viwili vinavyofanana kwa macho vinaweza kutengana kwa sababu vinaishi maisha mawili tofauti.

Kwa ofisi za serikali jambo hili si hiari. Kanuni za Usimamizi wa Fedha za Umma za 2015 zinamtaka afisa mwajibikaji atunze rejesta ya mali iliyo chini yake. Kisha soma ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Hesabu kuhusu kaunti, mwaka baada ya mwaka, uone ni mara ngapi rejesta ya mali inatajwa kuwa haikukamilika. Watu husema ni wizi. Wizi upo, sikatai. Lakini rejesta yenye "Nyinginezo" kubwa ni shimo ambalo mwizi hahitaji hata kulichimba, amekuta mmechimba nyinyi.

Sasa kundi la tatu, na hawa ni marafiki zangu wa karibu, kwa hivyo nitawachapa kwa upendo. Ni wale waliosoma mpaka hapa wakisema "naam! maswali!" na sasa wanakwenda kutunga visanduku arobaini kwa kila aina, vyote vya lazima. Ngojeni kwanza. Anayejaza hivyo visanduku si wewe. Ni kijana wa atachimenti, amesimama kwenye stoo yenye vumbi, simu yake iko asilimia tisa, mbele yake kuna masanduku themanini ya skrini. Ukimlazimisha aandike kila kitu ataandika kila kitu: "xxx", "0000", "sijui", nukta. Niliwahi kukuta tarehe ya kununua ya 01/01/1970 kwenye vifaa mia mbili na kitu, na nyinyi mnaojua kompyuta mnajua tarehe hiyo ilitoka wapi. Uongo wa lazima ni mbaya kuliko nafasi tupu, kwa sababu nafasi tupu unaiona.

Mimi kila kisanduku nakiuliza: jibu lako litatumiwa na nani kabla ya mwaka kwisha? Kama hakuna, kiondoke. Nambari ya kiwandani itatumiwa na polisi na mtu wa dhamana, ibaki, iwe lazima. Rangi iondoke. Ukubwa wa skrini kwa inchi uondoke, upo kwenye modeli tayari, usimfanye mtu aupime kwa rula mara themanini. Na pale unapobakiza kisanduku, kipe umbo. Snipe-IT inakuruhusu kusema kisanduku hiki kipokee anwani ya MAC tu, au IP tu, au mpangilio uliouandika mwenyewe kwa rejeksi. Tumia hiyo. Kama majibu yanayowezekana ni matano, weka orodha ya kuchagua, la sivyo utapata "Mombasa", "msa", "MSA", "Mombsa" na "pwani".

Najua pingamizi zinazokuja, nimezisikia kwenye mikutano.

"Bosi anataka ripoti ya kila idara." Apewe! Chuja kwa idara. Ripoti ni kazi ya kichujio. Ukigeuza kila ripoti ya bosi kuwa aina, bosi akibadilika itabidi ubadilishe hifadhidata.

"Mhasibu ana makundi yake ya kodi na uchakavu." Ndiyo, anayo, na ana haki. Kwake seva, laptopu na printa zinaweza kuwa kundi moja, na kwako ni tatu. Mpe kisanduku chake cha kundi la uchakavu na umwache akitumie. Hapa nakubali kidogo: ziko ofisi ambazo mhasibu ndiye pekee anayeufungua mfumo, fundi haugusi kabisa. Huko aina zifuate za mhasibu, maana maswali yote ni yake. Lakini msiniite mimi kusimika programu ya IT, nunueni ya uhasibu.

"Betri ya UPS je, ni aina?" Swali zuri, na watu hulikosea. Betri haisimami peke yake, inaingia ndani ya UPS. Kwenye Snipe-IT gunia lake ni la vipuri, kwa sababu kipuri unaweza kukikabidhi kwa kifaa na kukirudisha. Ukiiweka kwenye gunia la vitu vya kutumika vikaisha, inatoka stoo kwa jina la mtu na hadithi inaishia hapo, hairudi tena, na hutajua iko ndani ya UPS ipi. Karatasi ya printa iwe huko. Betri isiwe huko.

Pale kwa wale wenye aina 63 tulimaliza na 14. Ilichukua siku nne, na tatu kati ya hizo zilikuwa za mazungumzo. Programu ilikuwa tayari siku ya kwanza. Kila mwenye kutaka aina yake ibaki alipewa karatasi aandike maswali matatu ambayo kifaa chake kinaulizwa na hakuna kingine kinachoulizwa. "Laptopu ya Wageni" ilijitetea vizuri kuliko nilivyotegemea: lazima irudishwe siku hiyohiyo, lazima ifutwe kabla ya mgeni mwingine kuipokea, na anayeipokea hayumo kwenye orodha ya wafanyakazi. Ikabaki. "Laptopu Mpya 2" haikuwa na wakili. Haki ya kuunda aina tukawanyang'anya watu kumi na saba, ikabaki kwa wawili, na hao wawili lazima wakubaliane.

Birika tulilirudisha jikoni.

Kimebaki kitu kimoja ambacho mimi na mwenzangu ofisini hatujakubaliana hadi leo, dishi la Starlink. Tangu huduma hiyo ianze hapa Kenya Julai 2023, madishi yameota juu ya paa za wateja wetu kama uyoga, na mwenzangu anataka yawe na aina yake. Mimi nasema dishi na ruta yake ni vifaa vya mtandao kama vingine. Malipo ya kila mwezi ni mkataba, na GLPI ina mahali pa mikataba. Barua pepe iliyofungulia akaunti, ile ambayo huwa ni ya mtu aliyekwisha kuacha kazi, iandikwe humo humo kwenye mkataba. Nimempa karatasi kama wengine. Ameniletea maswali mawili, na moja lao ni "liko juu ya paa gani".

Hilo ni mahali. Anatafuta la tatu.